Nimeacha kwenda ibadani ila bado naamini kuna kitu. Naanzia wapi?

*"Mtaalamu habari za kazi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 34. Nimekulia kwenye nyumba ya dini sana, kusali asubuhi na jioni na hakuna kukosa ibada. Kama miaka mitatu sasa nimeacha kwenda, sikugombana na mtu, niliona tu maneno nayatamka mdomoni ila moyoni hayapo. Lakini siyo kwamba siamini kitu. Nikiwa peke yangu usiku bado naongea na huyo sijui nimwite Mungu au nani, nasoma mambo ya dini nyingine, mengine yananigusa mpaka nalia. Kaka yangu anasema nachagua imani kama mtu anayechagua nguo. Sasa baba kafariki mwaka jana, mwanangu wa miaka sita akaniuliza babu yuko wapi, nikakaa kimya. Tangu siku ile nashtuka usiku nawaza je kama nimekosea, nitachomwa? Inaruhusiwa mtu kuwa na imani yake mwenyewe? Na anaijengaje bila kujidanganya? Mama bado hajui kama nimeacha."*

Dada yangu, kwanza pole sana kwa kumpoteza baba. Naanza na pole makusudi, manake swali lako umeliandika kama swali la dini tu, lakini nikilisoma naona humo ndani kuna mambo matatu yameshikana, kuna msiba ambao bado mbichi, kuna hofu ya kuchomwa inayokuamsha usiku, halafu ndo kuna swali lenyewe la imani, kwamba unaamini nini hasa. Ukiyachanganya yote ukatafuta jibu moja utachoka bure. Na kwa ninavyoona mimi hilo la tatu siyo zito kama unavyodhani, linaelemewa na hayo mawili ya kwanza.

Inaruhusiwa? Kisheria, Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 18, linasema kila mtu ana uhuru wa fikra, dhamiri na dini, pamoja na uhuru wa kubadili imani yake na kuifuata akiwa peke yake au na wenzake. Hilo la "peke yake" limeandikwa kabisa. Japo ukweli ni kwamba zipo nchi na zipo familia ambazo kuacha dini kunaweza kukuletea hatari ya kweli, kwa hiyo uhuru wa kwenye karatasi usikufanye usahau usalama wako. Kama unauliza kama mbele za Mungu inaruhusiwa, hapo nikijibu nitakuwa najipa kazi isiyo yangu, kila dini ina jibu lake na mimi ni mshauri wa saikolojia, siyo kiongozi wa dini. Ninachoweza kukwambia ni kwamba hauko peke yako wala hujawa kituko. Utafiti wa mwaka 2023 wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, ulionyesha kuwa Marekani watu wazima asilimia 22 wanaangukia kundi lako, wanajiona ni watu wa kiroho ila siyo wa dini.

Na jambo lenyewe ni la zamani mno. Al-Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa kabisa wa Uislamu pale Baghdad, mwaka 1095 akafika mahali akasimama kufundisha sauti haitoki, matabibu wakashindwa kumtibu wakasema tatizo limeanzia moyoni, akaacha cheo akaondoka, akazunguka Damascus, Jerusalem na Makka, miaka ikapita ndipo akarudi kufundisha. Huyo alirudi ndani ya dini yake, tena akiwa amekomaa zaidi. Spinoza naye, mwanafalsafa wa huko Amsterdam, alitengwa na jumuiya yake ya Kiyahudi tarehe 27 Julai 1656 akiwa na miaka 23 tu, hakurudi wala hakujiunga na dini nyingine, akaishi kwa kusugua lenzi na kufikiri juu ya Mungu mpaka alipofariki mwaka 1677. Nakutajia hawa wawili kwa sababu mwanzo wao unafanana na wako na mwisho wao haufanani kabisa. Ulipo sasa hapakwambii utaishia wapi, kwa hiyo usijilazimishe kuamua leo kwamba umeondoka moja kwa moja.

Sasa nije kwa kaka yako, kwa sababu naona maneno yake yamekuchoma na nadhani yamekuchoma kwa kuwa yana ukweli kidogo. Anapokosea ni hapa: imani haichaguliwi hivyo. Hebu jaribu sasa hivi kuamini kwa dhati kitu ambacho huamini, hata kwa dakika moja tu. Huwezi. Hata ile siku uliyoona maneno hayapo moyoni hukuamua yasiwepo, uliyakuta hayapo. Unachoweza kuchagua ni vitu vinavyozunguka imani, unasoma nini, unakaa na nani, unarudia nini kila siku, na hivyo vikikaa muda mrefu ndo vinavyokuja kuunda kile unachoamini. Tena hata huyo anayehudhuria kila wiki kuna mafundisho anayoyashika kwa mikono miwili na kuna mengine anayapita kimyakimya, sijawahi kukutana na mtu anayeyabeba yote kwa uzito uleule.

Ila anapopatia ni hapa, na naomba usipite haraka. Mwaka 1985 mwanasosholojia wa Marekani Robert Bellah na wenzake walieleza habari za nesi mmoja kijana aliyesema anaamini Mungu, haendi kanisani, ana imani yake mwenyewe, na imani hiyo akaipa jina lake. Alipoulizwa inafundisha nini akasema ni kujipenda na kujihurumia, na kutunzana. Watu wengi walimcheka huyo dada na mimi sioni cha kumcheka, alisema kwa uwazi wanachokiishi wengi. Lakini swali lililobaki pale ni zito: imani ambayo sauti yake ni sauti yako tu itakukataza lini? Siku unataka kumlipizia mtu, siku unataka kusema uongo unaokufaa, nani atakwambia hapana? Mtu akiniambia ana imani yake binafsi sianzi kumuuliza Mungu wake yukoje. Namuuliza hiyo imani imekugharimu nini mwaka huu, imekufanya umwombe nani msamaha, imekunyima kitu gani ulichokitaka. Akikosa jibu kabisa namwambia hapo bado kuna hisia nzuri, imani bado haijafika.

Kwenye hofu nitakaa kidogo, maana hii ndo inayokula usingizi wako. Watu wengi wakishtuka usiku hivyo wanaichukua ile hofu kama ushahidi, kwamba kama naogopa kiasi hiki basi lazima ni kweli. Hofu haithibitishi kitu chochote dada yangu, wala haikanushi. Mtoto wa miaka minne au mitano bado hana uwezo mkubwa wa kupima anachoambiwa na watu wazima, mara nyingi anakipokea kizima kizima, na akikipokea pamoja na nyimbo, na sura ya mama iliyobadilika, na hadithi za moto, kinakaa mwilini kabla hakijakaa kichwani. Ndo maana leo akili yako inasema jambo moja na moyo unadunda kwa jingine. Na kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba hofu uliyofundishwa mara nyingi haifutiki, ubongo unajenga kumbukumbu mpya ya usalama juu ya ile ya zamani, ile ya zamani inabaki chini. Ukipata mshtuko, ukiugua, ukifiwa, ile ya chini inapanda tena. Kwa hiyo kurudi kwake baada ya baba kufariki hakumaanishi umeonywa wala umerudi nyuma, ni kawaida kabisa ya hofu za namna hiyo.

Ukishtuka saa nane usiku usianze kubishana nayo kwa hoja, saa hiyo hoja hazisaidii na utakesha. Kaa kitandani, weka miguu chini, sema kwa sauti ndogo "hii ni hofu ya zamani, nimefiwa, ninaogopa", pumua taratibu ukitoa pumzi ndefu kuliko unayoingiza, na kama unataka kuongea na huyo unayeongeaga naye ongea, ila usifanye sala ya kujikinga unayoirudia mpaka hofu ishuke. Hili nasisitiza, manake ukijizoesha kwamba hofu inashuka kwa sababu umerudia maneno flani mara kadhaa, kesho itadai mara nyingi zaidi. Swali lenyewe la kuchomwa au kutochomwa liandike, ulishughulikie mchana ukiwa umekula na umelala.

Wapo watakaokwambia kuacha dini kunaharibu akili, na wapo watakaokwambia ukitoka tu utakuwa huru na mwenye furaha, na wote wawili wanavuta data upande wao. Mwaka 2013 watafiti Uingereza walitoa matokeo ya watu 7,403, na wale waliojiita wa kiroho bila dini walikuwa na matatizo zaidi, hasa wasiwasi na utegemezi wa dawa za kulevya, kuliko wenye dini na hata kuliko wasio na lolote. Sikufichi hilo. Ila watu wale walipimwa wakati mmoja tu, kwa hiyo haiwezekani kujua kama njia ile ndiyo iliyowaumiza au walioumia ndo wanaoanza kutafuta, na kwa uzoefu wangu wengi wanaanza kutafuta wakiwa tayari wameumia, kama wewe na msiba wako. Utafiti mwingine uliotoka mwaka 2016 uliwafuatilia manesi wanawake zaidi ya 74,000 huko Marekani kwa miaka 16, na waliokuwa wakihudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na uwezekano wa kufa mdogo kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa. Walipochimba kwa nini, sehemu ya maelezo ikawa ni msaada wa watu, kutovuta sigara, sonona kidogo, matumaini. Yaani sehemu ya nguvu ile iko kwenye kukusanyika na kujulikana na kuulizwa mbona wiki iliyopita hukuonekana.

Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu ulichokipoteza bila kujua umekipoteza. Ulipoacha kwenda uliona unaacha maneno yaliyokauka, kumbe uliacha na wimbo wa pamoja, ratiba ya wiki, watu wazima wanaomjua mwanao kwa jina, na watu ambao siku ya msiba wanajua la kufanya bila kuambiwa. Bila yale maneno unaweza kuishi. Hivyo vingine ni vigumu, na mtu anayejenga imani yake mwenyewe akisahau kuvijenga upya anajikuta na mawazo mazuri sana na upweke mkubwa sana. Hata Spinoza aliyetengwa alikuwa na marafiki waliokuwa wakisoma maandishi yake na kuandikiana naye barua.

Basi unajengaje. Tafuta daftari, usianze na "naamini nini", hilo swali ni kubwa mno na litakuzuia kuandika. Anza na mambo ambayo huwezi kuyakana hata mtu akikubana. Wewe mwenyewe umeshayataja matatu kwenye barua yako bila kujua: kwamba hutaki kutamka usichokiamini, kwamba usiku kuna kitu unakiongelesha na huoni kama unaongea na ukuta, na kwamba mwanao anastahili jibu la kweli. Hapo tayari una msingi, na wa kwanza wenyewe ni ukweli, ambao watu wengi waliokaa ndani ya dini miaka yote hawajaufikia. Kurasa nyingine andika unavyovitamani viwe kweli, mfano kwamba utaonana na baba tena. Kurasa nyingine unavyoviogopa. Usivihukumu, vitenganishe tu, kwa sababu kujidanganya kunakokusumbua mara nyingi kunatokea pale tamaa inapovaa nguo za imani, na kutamani kuonana na baba siyo dhambi wala siyo udhaifu, ila ukijua ni tumaini utalibeba kwa namna tofauti na ukilichukulia ni jambo ulilolithibitisha.

Halafu chagua tendo moja dogo lenye saa yake na ulishike kwa miezi, hata kama siku nyingine halina ladha. Inaweza kuwa kukaa kimya robo saa asubuhi, au kusoma ukurasa mmoja wa maandiko unayoyaheshimu, yakiwemo ya kwenu, hakuna aliyekunyang'anya. Moja tu. Mtu anayeonja kutafakari wiki hii, wiki ijayo nyota, wiki inayofuata video ya mwalimu mpya wa intaneti, hapati kitu kwa sababu hakuna kinachopata muda wa kumfanyia kazi. Ukikopa kitu kwenye dini ya watu soma kinatoka wapi na kwao kinadai nini, usichukue utamu ukaacha nidhamu yake. Na kutafakari nako kusichukuliwe kirahisi, mazoezi marefu ya siku nyingi mfululizo yameshawaletea baadhi ya watu wasiwasi mkali na kujihisi siyo wao, kwa hiyo aliyewahi kuchanganyikiwa au ana majonzi mapya aanze kidogo na asiwe peke yake.

Kila wazo jipya lipeleke kando ya kitanda cha mgonjwa ndipo uamue kama unalichukua. Chukua mfano wa hili linalozunguka sana, kwamba kila kinachokupata umekivuta mwenyewe kwa mawazo yako. Linapendeza mambo yakikunyookea. Sasa simama nalo mbele ya mtoto mwenye saratani, au kumbuka baba yako siku zake za mwisho, ujisikie ukisema "amejivutia mwenyewe". Kama ulimi unagoma basi wazo hilo halifai hata siku za raha. Na mwalimu yeyote anayedai pesa zaidi kadiri unavyopanda, anayetaka siri, anayekutenga na ndugu zako au kukwambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, huyo muache siku hiyohiyo.

Cha mwisho kwenye kujenga ni mtu. Mmoja au wawili ambao umewapa ruhusa wakwambie "hapa unajipendelea". Anaweza kuwa mtu wa dini, mimi nawajua wenye dini wanaosikiliza bila kuvuta. Kuna pia makundi yanayokaa pamoja bila kukulazimisha kukiri orodha ya imani, Wakweka kwa mfano (Quakers, kundi lililotokana na Ukristo), baadhi yao wanakutana wakakaa kimya tu, ananena anayesukumwa kunena. Na bado unaweza siku moja kurudi ulikotoka na mashaka yako mkononi, ukakaa viti vya nyuma, ukaimba unavyoweza kuimba na kunyamaza usivyoweza. Hiyo nayo ni njia ya heshima na siyo kushindwa.

Mwanao usimsubirishe mpaka umalize kutafuta. Mtoto wa miaka sita akiuliza babu yuko wapi anauliza pia kama wewe utabaki. Usimwambie babu amelala au amesafiri, watoto wa umri huo wengine wanaanza kuogopa kulala. Mwambie hivi: "Babu amefariki. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, wala hasikii maumivu tena. Alipo sasa watu wanaamini tofauti. Bibi anaamini yuko kwa Mungu. Mama bado anatafuta, ila anatumaini yuko salama. Wewe unafikiri yuko wapi?" Halafu nyamaza umsikilize, na usimsahihishe atakachosema. Ataliuliza tena kesho na keshokutwa na hiyo ni kawaida. Kukaa kwako kimya siku ile hakujaharibu kitu, mrudie umwambie "lile swali lako la babu nimelifikiria".

Kuhusu mama, hudaiwi tangazo. Kama unamtegemea kwa makazi au kwa kulea mtoto, au kuna mtu kwenye familia anaweza kukudhuru, subiri mpaka uwe na pa kusimama, kunyamaza kwa ajili ya usalama siyo unafiki. Kama ni huzuni yake tu unayoiogopa, basi ukiwa tayari anza na unachokishika badala ya ulichokiacha, mwambie bado naongea na Mungu mama ila nimeshindwa kwa njia ile. Na usimwambie wiki ya kumbukumbu ya baba. Yeye naye kafiwa na mume, na inawezekana dini ndo kitu pekee kinachomnyanyua kitandani asubuhi.

Sasa lini umwone mtu ana kwa ana. Kama huo mshtuko wa usiku umeendelea kwa wiki kadhaa na kazi inaanza kukushinda, nenda. Kama umejikuta unarudia sala au maneno mpaka "yatoke sawa", au unaomba msamaha mara kwa mara kwa wazo lililopita tu kichwani, nenda mapema, huo ni wasiwasi unaovaa sura ya dini na una tiba inayofahamika vizuri. Kama mwaka umepita tangu msiba na bado kila siku umekatika vipande huwezi kugusa maisha, nenda, siku hizi majonzi ya namna hiyo yanatambulika na yanatibika. Na ukiwaza kufa ili umfuate baba, au ukisikia sauti zinazokuamrisha, usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyo ukiwa na mtu unayemwamini.

Usiogope kwamba daktari atakuona mgonjwa kwa sababu ya mashaka ya imani. Tangu mwaka 1994 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani una kipengele cha matatizo ya kidini au kiroho, na kimewekwa miongoni mwa mambo yanayostahili kuhudumiwa bila kuhesabiwa kuwa ugonjwa. Siku ya kwanza muulize mshauri wako moja kwa moja: utaweza kukaa na mimi kwenye hili bila kunivuta nirudi wala kunisukuma nitoke? Akisitasita, au akaanza kukuhubiria upande wowote, mshukuru na umtafute mwingine.